Noeli na Bonane bila nyama: panga karamu ambayo haitakula chakula cha Januari

Somo la afya na lishe, mwezi wa Desemba
Limeandikwa na mhudumu wa afya wa kujitolea, Mantapala

Somo letu la mwezi huu ni juu ya karamu ya Noeli na Bonane katika nyumba ambayo mwaka huu haitapata nyama. Tumelichagua kwa sababu kuanzia Novemba, tunapopita nyumba kwa nyumba, tunasikia swali lile lile: "Noeli gani bila kuku?" Kisha Januari na Februari tunarudi katika nyumba zile zile na utepe wa kupimia mikono ya watoto, na mara nyingi utepe unatuonyesha swali lile lilijibiwa namna gani.

Kwetu Pweto, Moba na kandokando ya ziwa, sikukuu ilikuwa na sura yake. Kuku alichinjwa asubuhi, wenye uwezo walikata mbuzi, na samaki hakuhesabiwa kuwa chakula cha wageni kwa sababu alikuwapo kila siku. Hapa mambo ni mengine. Wiki ya Noeli bei ya kuku hupanda kwa kuwa kila mtu anamtafuta siku moja. Samaki naye, sheria ya Zambia inafunga uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili wazaliane, kwa hiyo samaki mbichi wa Mweru unayeletewa kwa kificho siku ya Noeli amevuliwa kinyume cha sheria. Anayekamatwa naye si mvuvi tu.

Tena Desemba ni mwezi wa kupanda. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha au yanakaribia, na mapya hayatavunwa mpaka Aprili au Mei. Basi jiulize pesa ya kuku inatoka wapi. Kwa kadiri tunavyoona sisi tunaotembelea nyumba, inatoka sehemu tatu: chakula au pesa ya msaada iliyokuwa ya kula mwezi mzima, kaloba, au mbegu iliyowekwa kwa ajili ya shamba. Zote tatu ni chakula cha Januari na Februari, miezi ya mvua kubwa ambapo malaria na kuhara huzidi na mtoto aliyekonda hana nguvu ya kupambana nayo.

Sisemi nyama ni mbaya. Kama una kuku wako uliyemfuga, mchinje, mle, mshukuru Mungu. Somo hili ni kwa yule ambaye angelazimika kukopa ili amnunue.

Nyama inatupa nini, na tutakipata wapi?

Watu wengi wanafikiri nguvu ya karamu iko katika nyama peke yake. Tufanye hesabu. Maharage makavu gramu 100 yana protini, yaani kile kijenzi cha mwili, gramu 21 hivi. Karanga gramu 100 zina gramu 25 hivi, na soya inafika 36. Kuku aliyekwisha kunyonyolewa na kutolewa matumbo, mwenye kilo 1, ukiondoa mifupa hafikishi gramu 200 za protini kwa jumla. Kilo 1 ya maharage makavu inapita gramu 200. Kuku huyo mmoja kwa watu 10 ni kipande kimoja kimoja na mchuzi. Kilo ya maharage ikiiva inajaza sufuria, na kila mtu anaongezewa.

Lakini usidanganyike upande wa pili. Unga wa muhogo una protini kidogo mno, haufiki gramu 2 katika gramu 100. Karamu isiyo na nyama ikiwa ni bukari ya muhogo na mboga ya majani tu, watu watashiba tumbo na mwili hautakuwa umepata kitu cha kujenga. Lazima maharage, karanga au soya ziwepo, na ziwe nyingi. Maharage na nafaka kama mahindi au mchele vikienda pamoja vinasaidiana, kwa sababu kinachopungua katika kimoja kimo katika kingine.

Kuna jambo la madini ya chuma pia, yale yanayotengeneza damu. Chuma cha maharage na majani hakiingii mwilini kwa urahisi kama cha nyama. Dawa yake ni vitamini C katika mlo ule ule: embe, limao, pera, nyanya mbichi. Kwa bahati nzuri Desemba ni mwezi wa maembe. Chai nayo inazuia chuma kisiingie, kwa hiyo usiinywe pamoja na chakula, subiri kama saa moja. Mama mjamzito azingatie hili zaidi ya wote, na asiache vidonge vyake vya damu eti ni sikukuu.

Vitamini B12 ndiyo haipatikani katika mimea. Siku moja au wiki mbili bila nyama hazimdhuru mtu kwa upande huo, mwili una akiba. Lakini nyumba inayokaa miezi na miezi bila yai, samaki, maziwa wala nyama itapata shida. Ukipata mayai, mpe kwanza mtoto mdogo na mama anayenyonyesha, hata kama wageni wanatazama.

Anza kabla ya wakati

Karamu ya nyama haihitaji mpango mrefu: kuku akipatikana asubuhi, mchana analiwa. Karamu isiyo na nyama ukiiacha mpaka tarehe 24 itakuwa chakula cha kila siku kwenye sahani kubwa, na hapo watoto watakuwa na haki ya kununa. Wiki mbili kabla, kaa na watu wa nyumba yako mhesabu watakaokula. Tuseme ni 10, wakubwa 6 na watoto 4. Mtahitaji mchele kilo 1 na nusu, maharage makavu kilo 1, karanga kilo 1, mafuta, nyanya, vitunguu, majani ya sombe au matembele, chumvi, na maembe. Anayepunguza kopo moja dogo la maharage kila wiki kuanzia Novemba anafika Noeli bila kwenda sokoni kwa ajili hiyo. Majirani wawili au watatu wakiunganisha vyungu vyao ni nafuu zaidi, maana makala ya mbabula moja yanapikia nyumba tatu.

Waambie watoto mapema. Mtoto aliyeambiwa tarehe 10 kwamba mwaka huu kuna chikanda na mandazi ataingojea chikanda. Mtoto asiyeambiwa atangojea kuku mpaka jioni.

Neno moja juu ya mbegu. Mahindi ya mbegu yenye rangi, nyekundu, kijani au buluu, yametiwa dawa ya kuua wadudu na kuvu. Hayaliwi. Kuyaosha hakuiondoi dawa, kuyapika hakuiondoi, na kuku usimpe pia.

Chikanda, chakula cha katikati ya meza

Watu wa Katanga na wenyeji wetu hawahitaji kufundishwa chikanda. Naiandikia wale waliotoka mbali zaidi, na vijana wanaoila sokoni bila kujua inavyotengenezwa. Ni viazi vidogo vya maua ya porini ya jamii ya okidi, vinachimbwa kwenye nyanda zenye unyevu. Vikikaushwa na kutwangwa vinatoa unga unaoshikamana kama gundi. Ukiupika na karanga unapata kitu kizito, chenye rangi ya nyama, kinachokatwa vipande kwa kisu. Ndiyo maana inafaa sikukuu. Baba wa nyumba aliyezoea kukata kuku na kugawa, naye hapa ana kitu cha kukata na kugawa. Usicheke, jambo hili lina uzito katika nyumba nyingi.

Osha viazi mpaka udongo wote utoke, menya au sugua ngozi, kausha, twanga, chekecha. Karanga nazo twanga na uchekeche. Kipimo kinachotoka vizuri ni kikombe 1 cha unga wa chikanda kwa vikombe 2 vya unga wa karanga. Kwa watu 10 tumia vikombe 2 kwa 4. Chemsha maji vikombe 6 hivi, tia unga wa karanga, chumvi na pilipili ya unga, uache uchemke dakika 10 ukikoroga. Tia soda ya kuokea nusu kijiko kidogo, si zaidi. Kisha mimina unga wa chikanda kidogo kidogo huku unakoroga kwa nguvu, mpaka uwe mzito na kuanza kuachana na sufuria. Punguza moto chini, funika kwa kifuniko cha bati, weka makaa machache juu ya kifuniko, uache muda wa nusu saa mpaka saa moja ili ushike na upate ngozi juu. Ipoe kabisa kabla ya kukata. Anayekata ya moto atapata uji.

Usisahau kwamba unga wa chikanda wenyewe ni wanga kwa sehemu kubwa. Nguvu ya kujenga mwili inatoka kwenye karanga. Wauzaji wengine wanapunguza karanga kwa sababu ndizo za bei, na unachonunua ni umbo la nyama tu. Afadhali upike mwenyewe.

Viazi hivi vinazidi kuwa adimu kwa kuwa ukichimba kiazi ua linakufa. Upande wa Tanzania, hifadhi ya taifa ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005, na moja ya sababu ilikuwa kuyalinda maua haya yaliyokuwa yakichimbwa kwa ajili ya soko la Zambia. Ukikuta bei iko juu, acha. Nyama ya soya, vile vipande vikavu vya pakiti, inafanya kazi vizuri na ina protini nyingi. Iloweke kwenye maji ya moto, ikamue, ikaange na vitunguu mpaka iwe na rangi, ndipo utie nyanya. Wengi wanaitupa moja kwa moja kwenye mchuzi na kulalamika haina ladha.

Karanga, sombe na maharage

Karanga zichague moja moja kabla ya kutwanga. Zenye ukungu, zilizokunjamana, zenye rangi nyeusi au kijani, au zenye uchungu, tupa. Ukungu ule una sumu inayoharibu ini pole pole, na kukaanga hakuiondoi. Kwa sababu hiyo hiyo sipendi unga wa karanga uliokwisha kutwangwa sokoni: huwezi kujua ndani yake kulikuwa na karanga za namna gani.

Sombe ya sikukuu iwe na karanga na mafuta ya mawese. Majani ya muhogo, hasa ya muhogo mchungu, yana sumu inayotoka kwa kutwanga vizuri na kuchemsha muda mrefu, sufuria ikiwa wazi. Twanga mpaka yalainike, chemsha bila kufunika zaidi ya nusu saa, ndipo utie unga wa karanga, vitunguu na nyanya, na mawese mwishoni. Usiyachome mawese mpaka yawe meupe kama wengine wafanyavyo. Ile rangi nyekundu ndiyo vitamini A ya macho ya mtoto.

Maharage yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, uchemshe kwa maji mapya. Yachemke kwa nguvu kwanza, maana maharage yasiyoiva vizuri yanatapisha. Ukiyaloweka hutahitaji magadi, na ni heri, kwa sababu magadi yanaua sehemu ya vitamini. Yakishaiva kaanga vitunguu vingi mpaka viwe vya kahawia, tia nyanya, tia maharage, ponda kijiko kimoja kimoja ili mchuzi uwe mzito. Kamulia limao mezani. Ladha ya karamu bila nyama iko hapa, katika vitunguu vilivyokaangwa kwa uvumilivu na mchuzi mzito. Mchuzi mwepesi kama maji ndio unaomkumbusha mtu kwamba hakuna kuku.

Kwa watoto, mandazi ya asubuhi na embe mchana. Kinywaji kiwe munkoyo badala ya soda za chupa. Chemsha maji yako, mizizi inunue kwa mtu anayejulikana kuijua, na mnywe siku ile au kesho yake, kabla haijawa pombe.

Uyoga: tafadhali soma hapa

Desemba uyoga unaota kila mahali, na ni kweli unafaa sana mahali pa nyama. Lakini msitu huu si wa kwetu sote, na uyoga unaofanana na ule wa kwenu unaweza kuwa mwingine. Hakuna jaribio la nyumbani la kuaminika. Sarafu kubadilika rangi, kitunguu kubadilika rangi, wadudu kuula, yote hayo hayathibitishi kitu. Sumu ya baadhi ya uyoga haitoki kwa kuchemsha wala kukausha. Mbaya zaidi, mtu anaweza kula mchana, akalala vizuri, akaanza kutapika na kuhara usiku au kesho yake, wakati sumu imekwisha kufika kwenye ini. Nunua kwa wenyeji wanaoujua na wanaoula wenyewe. Usiwatume watoto kuchuma. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, mpeleke kituo cha afya saa ile ile, na mabaki ya uyoga uyachukue mkononi.

Siku yenyewe

Wageni wengi, mvua, na choo kimoja: hapo kipindupindu kinapata njia. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji ya kumiminwa. Beseni moja ambalo watu 10 wanatumbukiza mikono si kunawa. Maembe yaoshwe kwa maji yaliyotiwa klorini. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto. Kilichobaki kifunikwe mahali pa baridi, na kabla ya kuliwa kichemke tena mpaka katikati. Wali wa jana uliolala juu ya meza usimpe mtoto.

Mtoto wa chini ya miezi 6 ni ziwa la mama tu, asionjeshwe mchuzi wa sikukuu. Wa miezi 6 mpaka miaka 2, mpondee maharage na mawese kidogo na embe, umlishe mara kadhaa kwa kiasi kidogo, maana tumbo lake ni dogo na vyakula hivi vinajaza upesi. Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka 5, zinaziba njia ya hewa. Na kama yuko mtu ambaye karanga zinamvimbisha midomo au kumwasha, mpikie sufuria yake pembeni.

Ndugu zetu Wasabato wasiokula nyama wana uzoefu wa siku nyingi katika upishi huu. Waulizeni, wengi wao wanapika nyama ya soya kuliko hivi nilivyoandika. Kwa ndugu Waislamu, mapishi haya yanafaa kwa Idi el-Fitri. Idi ya kuchinja ina utaratibu wake wa dini, na hilo tunawaachia mashehe. Usafi wa maji na mikono ni ule ule.

Kuhusu aibu, nitasema nionavyo mimi. Wageni wanaokuja kwako wanaishi hapa hapa, wanajua bei za soko, na wengi wao nyumbani kwao hakuna kuku pia. Usianze kwa kuomba radhi mlangoni. Waambie kilichopo kama mtu anayetangaza chakula: kuna chikanda, kuna sombe ya karanga, kuna wali na maharage. Ukisema "samahani hatuna nyama", umewapa la kufikiria mpaka waondoke. Na wewe unayealikwa, usiulize.

Hesabu ya kujadili katika kikundi chenu

1. Mama mmoja amekopa kaloba kwacha 300 kwa ajili ya Noeli na amekubali kurudisha kwacha 450 mwisho wa Januari. Kwa bei za soko letu wiki hii, zile kwacha 150 za juu zingenunua makopo mangapi ya maharage? Yangelisha watu 6 siku ngapi?

2. Nyumba ina watu 8 na ina maharage nusu kilo tu, bila karanga wala soya. Wangeungana na nani, na kila nyumba ingeleta nini?

3. Nani katika kikundi ana mche wa limao au wa mwembe, na nani hana? Pangeni kabla ya tarehe 20.